Mahari ya Samadi

Lori lilirudi kinyumenyume mpaka mbele ya lango la Déogratias, likainua mgongo, likamwaga. Generose alikuwa jikoni akipepeta mchele wa wageni. Alisikia kishindo kizito na laini, kisicho cha mchanga wala cha mawe, na kabla hajauliza ni nini, harufu ikawa imeshaingia na kukaa. Alipotoka nje na ungo mkononi, dereva alikuwa anaondoka kwa haraka ya mtu anayejua alichokifanya. Pale pale ambapo wakwe wangepita baada ya adhuhuri kulikuwa na rundo la samadi mbichi lililomfika kifuani, likitoa mvuke.

Mumewe alikuwa amesimama kando ya rundo, mikono kiunoni, anatabasamu.

Ilikuwa Jumamosi, na si Jumamosi ya kawaida. Familia ya mzee Bigirimana ilikuwa njiani kutoka uwanda wa Ruzizi kuja kumposa Ornella, kifungua mimba wa nyumba hiyo. Kijana wao, Itangishaka, alikuwa amempenda Ornella kitambo, na mtaa mzima wa Rugenge ulijua. Ila watu wake walikuwa wazito. Walikuwa wakulima na wafugaji wanaosema Kirundi, Wakatoliki wa kukaa benchi la mbele, na maneno yaliyofika mjini yalisema kwamba hawana hamu na msichana wa Uvira, kwa sababu wa mjini hajui jembe na anaziba pua akipita karibu na zizi. Bigirimana alikuwa amekubali kuja mara moja tu, aone kwa macho yake. Asipopendezwa, kijana angetafutiwa mwingine huko huko uwandani. Ornella alikuwa amelia juu ya jambo hilo mpaka macho yakavimba, na mama yake akamwahidi kwamba siku ya wageni hakuna kitakachoharibika.

Sasa Generose alimwomba mumewe amweleze, polepole, kabla hajamvunjia ungo kichwani. Déogratias alieleza. Yeye ni mbeba mizigo bandarini Kalundu, na mwenzake wa kazi, mmoja aitwaye Révérien, alikuwa amempa siri. Kwa watu wa uwanda, alisema Révérien, utajiri wa mtu hausomwi kwenye viti wala kwenye televisheni. Unasomwa kwenye samadi.

"Banaangalia kwanza mavi ya ngombe," Déogratias alisema. "Kama iko mingi, njo banajua hapa kuko batu."

"Na ngombe yenyewe iko wapi?"

"Ngombe inaweza kuwa mu malisho. Nani atauliza?"

Generose alimtazama mwanamume huyo aliyezaa naye watoto, aliyebeba magunia ya watu tangu ujana wake, na asiyewahi kumiliki hata kwato. Déogratias alikuwa amemkodi dereva kwa kumpakulia mizigo yake bure, jioni baada ya jioni, mgongo ukimuuma, ili binti yake asidharauliwe. Hasira ya Generose ilianza kulegea hapo, jambo ambalo lilimkasirisha zaidi. Tena kulikuwa na aibu nyingine aliyokuwa akiificha hata nafsini mwake: alikuwa analitamani lile rundo. Shamba aliloachiwa na baba yake huko uwandani lilikuwa limechoka kabisa. Mahindi yalitoka ya njano, mihogo ikawa myembamba ya kutia huruma, na kila mwaka alimwomba Déogratias amtafutie samadi, na kila mwaka Déogratias aliitikia, akasahau. Leo ndiyo siku aliyokumbuka.

* * *

Mtu wa kwanza kufika hakuwa mkwe. Alikuwa Bénédicte, jirani wa chini, ambaye nyumba yake inakaa pale mteremko unapoishia. Bénédicte ni mwanamke mpole, na upole wake ndio unaomfanya Generose amwogope. Alisalimia, akauliza habari za maandalizi, akasifu nywele za Ornella zilizokuwa zinasukwa barazani, akazunguka mji mzima wa maneno kabla ya kufika alikokuwa anakwenda. Kisha akaangalia juu, upande wa milima, ambako mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Mama Ornella, minye siko na shida na bakwe yenu," alisema. "Lakini mvua ikishuka, hii yote itaingia kwangu. Njo kule niko nachota maji."

Mwaka ule wa kipindupindu, Bénédicte alilala hospitalini yeye na mdogo wake, na ni Generose aliyewapikia uji. Kisima chake kifupi, chenye mdomo wa saruji iliyopasuka, kilikuwa hatua chache tu chini ya mteremko, na nusu ya mtaa ilichota hapo kila bomba lilipokauka. Generose alimwambia asiwe na wasiwasi, rundo litahamishwa. Alisema hivyo kwa uhakika mkubwa, na Bénédicte alipoondoka alibaki akijiuliza litahamishwa na nani.

Aliamua walisogeze nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ambako maji hayateremki kwa mtu. Déogratias alishika chepe kwa moyo mweupe. Lakini yeye ni mtu wa magunia. Kitu kisicho na pembe za kushika humshinda. Walikuwa wamehamisha sehemu ndogo tu pale watoto wa jirani walipokuja mbio kusema kwamba gari la wageni limesimama kwenye barabara kuu na watu wanashuka wakiwa wamevaa makoti.

Generose alikimbia kuoga. Alijisugua kwa sabuni ya unga, akavaa kitenge kipya, akafunga kilemba, akajinusa. Bado alinuka. Alimwaga marashi ya Ornella kifuani, sasa akanuka vitu viwili.

* * *

Waliingia kwa taratibu: mzee Bigirimana mbele, mrefu, mkimya, fimbo mkononi, nyuma yake mkewe Libérate, mwanamke mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu, kisha msemaji wao, mzee Ngendakumana, aliyevaa koti zito kwenye joto lile, na mwisho Itangishaka, shingo imekazwa na tai. Wote walisimama mbele ya rundo. Hawakuwa na namna nyingine, maana lilikuwa limeziba nusu ya njia.

Ngendakumana alilitazama kutoka juu mpaka chini, akakohoa, akasema kwamba kwa kweli hakutarajia kuona kitu kama hicho katikati ya mji. Déogratias alivimba kwa furaha. Akawapitisha pembeni mmoja mmoja akiwashika mkono, kama anavyowapitisha abiria kwenye ubao wa boti.

Ndani, Ornella alikuwa amefichwa chumbani kama desturi inavyotaka, mpaka aitwe. Soda na bia zilifunguliwa. Mikeke ya kukaanga, samaki wa ziwani, ililetwa kwanza, kama kionjo, na Generose aliona kwa hofu kwamba nzi wa nje walikuwa wameamua kuwafuata wageni. Alisimama nyuma ya mume wake akipunga kitambaa, akijifanya anapunga joto. Libérate alimwangalia akipunga.

Msemaji alianza kwa mbali, kama wasemaji wote. Alizungumzia safari, mvua, bei ya mchele, afya ya paroko. Kisha, kwa sababu ya adabu na pia kwa sababu ni mtu aliyekulia kwenye zizi, akauliza habari za ng'ombe. Zinaendeleaje? Ziko malishoni, Déogratias alijibu. Zinakamuliwa vizuri? Vizuri sana. Ngendakumana akatabasamu, akasogeza kiti. Kwao, mtu mwenye ng'ombe hufurahi kuulizwa majina yake, na mgeni asiyeuliza anaonekana hana malezi.

"Utuambie basi majina," alisema.

Generose alisimamisha kitambaa hewani. Déogratias alikuwa anafikiri, na kwa bahati mbaya katika maisha yake yote vitu vikubwa vyenye majina alivyovijua vilikuwa vya aina moja tu.

"Kuko Mapendano," alisema. "Na Sifa ya Bwana. Na Tujikaze, ile njo ya zamani. Ilikuwa na kitobo pembeni, lakini balishaiziba."

Itangishaka alipaliwa na soda. Yeye alikuwa anavusha ziwani mpunga wa baba yake kila mwezi, na alikuwa amesafiri mara nyingi na Sifa ya Bwana, na mara moja, kwa kujuta, na Tujikaze. Alijifuta kidevu, akamtazama babamkwe wake mtarajiwa kwa macho yaliyojaa machozi ya kukohoa, wala hakumfichua. Generose alimpenda kijana huyo tangu dakika ile. Ngendakumana alirudia polepole, kana kwamba hakusikia vizuri, kwamba ng'ombe alikuwa na kitobo. Bigirimana aliinamia fimbo yake. Mabega yake yalitikisika kidogo, na Generose hakujua kama ni hasira au kitu kingine.

Hapo radi ikapiga juu ya milima.

* * *

Kila mwanamke wa Uvira anajua tofauti ya radi ya kutisha na radi ya kweli. Hii ilikuwa ya kweli. Generose alisikia upepo ukibadilika, akasikia mlango wa Bénédicte ukigonga ukuta huko chini, na akili yake ikatoka kabisa kwenye majina ya ng'ombe. Aliona mvua ikiliosha rundo lile bichi mlangoni mwake, maji ya kijani yakifuata mteremko, yakizunguka ule mdomo wa saruji iliyopasuka.

Mama wa binti haondoki kwenye kikao cha posa. Akiondoka, tafsiri yake ni kwamba hawataki wageni. Generose alilijua hilo, na Déogratias alimshika kitenge kwa siri kumkumbusha. Aliutoa mkono wake polepole. Aliwaambia wageni wamsamehe, kuna kitu lazima akifunike, na akatoka na kitenge chake kipya.

Alivuta turubai lililofunika kuni, akalitupa juu ya rundo, upepo ukalirudisha usoni kwake. Alijaribu tena. Safari hii upande wa pili ulishikwa na mikono mingine. Libérate alikuwa amevua viatu vyake vya kisigino na kuvipanga vizuri kwenye ngazi.

"Leta mawe," alisema.

Walikandamiza pembe za turubai kwa mawe na matofali. Kisha Libérate aliinama, akachota kiganja kimoja cha samadi pale ilipokuwa haijafunikwa, akakifungua kwa kidole gumba, akanusa kama anavyonusa mtu maziwa.

"Hii haitoke mu zizi," alisema taratibu. "Iko majani ya mu tumbo, haiyasagike. Hii ngombe ilishakufa."

Generose angeweza kusema jambo lolote. Alitazama kiganja cha yule mama, akaona kwamba uongo haukuwa na pa kukaa.

"Bwana yangu aliileta leo, ku machinjio," alisema. "Hatuna ngombe, mama. Hata mbuzi hatuna. Alitaka mutuhesabu mu batu."

Libérate alitupa kile kiganja, akajipangusa kwenye magoti ya kitenge chake cha kanisani, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Ng'ombe mwenye kitobo, alisema, na wakamziba. Alikuwa amekaa mle ndani akijing'ata ulimi tangu nzi wa kwanza. Generose alitaka kulia, lakini kicheko cha yule mwanamke kilikuwa kikubwa mno na hakikuwa na sumu, kikamvuta naye. Wakawa wanacheka wote wawili, mvua ikianza kuwapiga matone makubwa kichwani.

"Na minye niko na yangu ya kunipa haya," Libérate alisema alipopata pumzi. Kwao, samadi ni nyingi kupita mashamba yao. Kwa miaka mingi wanairundika kando ya mfereji, kwa sababu ndiko ng'ombe wanapita, na rundo la zamani limekuwa jeusi na kulainika, wala hakuna wa kulichukua. Mvua ikinyesha linamomonyokea majini. Wanawake wa chini wanaofua kwenye mfereji wanamsema. Jumapili akitoka kwenye komunyo, wanageuza nyuso.

Generose alisahau kwamba analowa. Aliuliza kama kweli ni jeusi, kama halina harufu, kama ukilishika linamong'onyoka. Libérate alisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, na akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Akauliza yeye anajuaje mambo hayo. Generose alimweleza shamba lake, na mahindi yale ya njano, na ule mwaka alioweka mavi mabichi ya mbuzi kwenye maharagwe, kwa tamaa, yakaungua yote na mtaa mzima ukamcheka. Tangu hapo alijua kwamba samadi ni kitu cha kungojewa.

Hawakuendelea, maana mvua ilishuka yote kwa pamoja. Maji yalianza kutafuta njia chini ya turubai. Generose alishika jembe achimbe mtaro wa kuyageuzia kwenye migomba, Libérate akashika chepe, na Bénédicte akapanda kutoka kwake na beseni kichwani, akachimba bila kuuliza. Kisha mlango wa chumba ukafunguka na Ornella akatoka, nywele mpya, gauni la kuposwa, miguu mitupu. Hakuitwa. Alivuka sebule mbele ya wazee wote walioduwaa, akashuka kwenye matope, akazamisha mikono yote miwili kwenye samadi iliyokuwa imeanza kuponyoka, akaisukuma ndani ya turubai. Itangishaka alivua tai na kumfuata. Hata Déogratias alifika, na safari hii alipata kazi anayoiweza: alibeba matofali, mengi kwa mara moja, mgongoni.

Mvua ilipopungua, maji yaliyotoka kwenye rundo yalikuwa yanaingia migombani. Kwa Bénédicte yaliteremka maji ya mvua matupu. Alikwenda kukiangalia kisima chake, akachungulia, akapunga mkono kutoka chini.

* * *

Walirudi ndani wakitiririka. Ngendakumana na Bigirimana walikuwa wamebaki kwenye viti vyao, wakavu, kama watu waliosahauliwa na boti. Ornella alielekea kwenye ndoo anawe haraka akajifiche tena, lakini Bigirimana, ambaye tangu afike hakuwa amesema kitu zaidi ya salamu, alinyoosha fimbo yake kidogo. Hakunyoosha kwa ukali.

"Bamuache," alisema. "Nimeshaona kile nilikuya kuona."

Generose aliketi. Alikuwa na furaha ya namna inayouma, na bado alijua kuna kitu hakijasemwa. Alimtazama mumewe. Déogratias, aliyelowa mpaka kwenye soksi, alisimama mwenyewe. Alisema kwamba Mapendano na wenzake ni boti za Kalundu, kwamba hana ng'ombe wala hajawahi kukamua, na kwamba kama wazee wanataka kuondoka hatawalaumu, ila wasimhesabie binti kosa la baba.

Ngendakumana alifikiri juu ya jambo hilo kwa uzito. Alisema kwamba amesemea watu wengi, lakini ni mara ya kwanza kutolewa ng'ombe aliyezibwa kitobo, na hapo uso wake mzito ulishindwa na kupasuka, na wote wakacheka, Bigirimana akipiga fimbo sakafuni, Itangishaka akieleza namna Tujikaze inavyoingiza maji mpaka abiria wanateka kwa sufuria. Mchele uliletwa. Nzi waliachwa wale nao.

Mazungumzo yaliporudi kwenye mahari yalikwenda upesi kuliko ilivyo kawaida. Ng'ombe jike mmoja, mwenye mimba. Ila palikuwa na jambo, alisema Ngendakumana: mjini hakuna pa kumfuga. Basi angebaki kwenye zizi la Bigirimana, na desturi ya uwanda inajulikana. Mwenye kulisha anakunywa maziwa na kuchukua samadi. Mwenye ng'ombe anangojea ndama. Déogratias aliitikia. Kwake ng'ombe wa mbali alikuwa sawa na ng'ombe wa karibu.

Generose alikohoa. Mama haongei kwenye mahari, lakini siku hiyo alikuwa ameshavunja mengi.

"Maziwa mukunywe," alisema. "Ndama mukipenda, tutagawana. Minye nataka mavi."

Ngendakumana alimgeukia Bigirimana, akamgeukia Déogratias, akatafuta msaada hata kwa Itangishaka. Alisema hakuna mahali popote alipowahi kusikia mkwe akidai mavi mbele ya msemaji. Tena, aliongeza, nani atatenganisha mavi ya ng'ombe mmoja kwenye zizi lenye ng'ombe wengi?

"Asitenganishe," Libérate alisema. "Achukue ile ya mufereji yote."

Generose hakuthubutu kumtazama, maana angecheka tena. Bigirimana alimtazama mkewe kwa muda, kama mtu anayegundua kwamba mkataba umeshafungwa nje, kwenye mvua, bila yeye. Kisha akainamisha kichwa: ndiyo.

* * *

Samadi waliileta wakati mvua za kupanda zilipokaribia, asubuhi tulivu isiyo na wingu, kwenye mkokoteni wa ng'ombe na vikapu vya kichwani, moja kwa moja mpaka shambani kwa Generose. Ile mbichi ya Rugenge iliachwa migombani, imechanganywa na mabua makavu, imefunikwa, ingoje msimu mwingine. Wanawake wa Libérate walikuja wakiimba, kama wanavyoimba watu wanaoleta mahari, na wengine walikuwa ni wale wale wafuaji wa mfereji waliokuwa wanageuza nyuso. Bénédicte alikuja na kikapu chake mwenyewe, akiomba mapema fungu la samadi kwa mboga zake. Déogratias alipangiwa kushusha, na alishusha kwa heshima, akigombeza kila aliyemwaga.

Generose aliwapanga. Alikataza mtu asimwage karibu na mfereji wala kwenye mteremko wake. Mashimo ya mahindi yalikuwa yameshachimbwa. Kila shimo viganja viwili, si zaidi, kisha udongo juu yake hapo hapo, lisiachwe wazi. Walipoanza, aliingiza mikono kwenye kikapu cha kwanza. Ilikuwa nyeusi, nyepesi, ya kumong'onyoka, na ilinuka udongo wa msituni. Miaka yote aliyolima mchanga ule kwa kuuomba ilimjia pamoja, akapiga magoti, na alifurahi kuliko siku yoyote tangu alipozaa.

Mzee Ngendakumana alifika katikati ya kazi na koti lake. Mahari haihesabiki imefika mpaka msemaji aikabidhi, na yeye hakuwa mtu wa kuruka hatua hata kama mali yenyewe ilikuwa inatambaliwa na mende. Alisimama kwenye tuta, akasubiri nyimbo zitulie. Akasema kwamba mbele ya pande zote mbili, na mbele ya shamba hili, upande wa Bigirimana umeleta kilichotakiwa, na ng'ombe mwenyewe yuko zizini na afya yake. Akauliza kama kimepokelewa.

Wote walimgeukia Déogratias. Aliweka kikapu chini, akajifuta jasho.

"Mumuulize mwenye shamba," alisema.

Generose alikuwa amefika kwenye shimo lingine, viganja vimejaa.

"Tumepokea," alisema, bila hata kuinua kichwa. "Tumepokea yote."

Vigelegele vilipanda kutoka pembe zote za shamba. Hapo ndipo aliposikia alichokisema. Kwa watu wa uwanda na kwa watu wa ziwani hilo ndilo neno, hakuna lingine; upande wa msichana ukishalitamka, binti si wao tena. Alikuwa anashangilia mbolea, na kwa mdomo huo huo amemtoa mtoto wake.

Aliinua kichwa kumtafuta. Ornella alikuwa upande wa pili wa shamba na Libérate, wameshika kikapu kimoja kati yao, wanacheka jambo ambalo Generose hakulisikia. Kwa kelele zile, hakuwa amesikia kwamba ameshaolewa. Alimimina viganja viwili, akasukuma udongo kwa mguu, akaukanyaga, akasogea kwenye shimo linalofuata. Generose alilia pale pale alipopiga magoti, huku anacheka, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa samadi hakuweza kujifuta macho.